Uzi: 2023, mwaka ambao TV ya taifa ya Ireland ilivuliwa nguo, na ndala zikahusika

MzeeWaZamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naandika kutoka Dublin, niko zamu ya usiku, bibi ninayemhudumia ameshalala.

Juzi kwenye ule uzi wa TBC, televisheni ya taifa ya Tanzania, mdau mmoja alitutambia kwamba huku Ulaya televisheni za taifa hazina longolongo, watu wanalipa leseni zao kimya kimya na mambo yanakwenda. Nilimsoma nikiwa kwenye basi, tena tunapita mbele ya geti la RTÉ pale Donnybrook, nikacheka mpaka jirani yangu akanigeukia. Mkuu, hukuwepo huku 2023.

Mimi si mwanahabari. Nahudumia wazee majumbani, na mwaka ule wote nilishinda kwa bibi mmoja ambaye TV yake huwashwa kabla ya chai na huzimwa nikishamfunika blanketi. Sakata lote nimelitazama nikiwa kwenye kochi lake, na yeye ndiye aliyekuwa mchambuzi wangu.

Kwa wasiojua, RTÉ ni TBC ya huku. Televisheni yao ilianza kurusha tarehe 31 Desemba 1961, usiku wa mkesha wa mwaka mpya, na rais wa wakati ule, Éamon de Valera, akatoa hotuba ya kuizindua. Mzee alikuwa na wasiwasi nayo. Akaifananisha na nguvu ya atomiki, kwamba inaweza kuleta heri isiyo na kifani na pia madhara yasiyorekebishika. Fikiria unaalikwa kuzindua mradi halafu unautaja pamoja na atomiki.

RTÉ inakula kwa mikono miwili. Mkono mmoja ni matangazo ya biashara, mwingine ni leseni. Kila nyumba yenye seti ya TV inalipa €160 kwa mwaka, na bei hiyo haijapanda tangu 2008. Hata kama seti yako imeharibika, maadamu inaweza kutengenezwa ikashika mawimbi, unadaiwa. Usipolipa unapelekwa mahakamani, na faini ya kosa la kwanza inaweza kufika €1,000. Wenye miaka 70 na kuendelea wanapewa leseni bure. Hiyo ya wazee mkae nayo, nitairudia.

Naandaa dawa za bibi, nakuja.

TezoNaOmo

Nimeweka mkeka hapa. Shusha mzee, usije ukatuacha njiani kama ule uzi wa Boti ya Lamu.

KaruguruWaThika

Hiyo leseni si ngeni jamani. Marehemu guka, babu yangu, alikuwa na leseni ya redio enzi za Voice of Kenya, karatasi ameikunja ndani ya Biblia. Mkaguzi akionekana kijijini, redio zinaingia chini ya kitanda, kijiji chote kimya kama kuna matanga. Endelea.

BintiPemba

Hivi ni kweli kwamba TV yao inapiga kengele ya kanisa kila siku? Niliwahi kusikia nikadhani nataniwa.

MzeeWaZamu

Kweli tupu. Saa kumi na mbili jioni kabla ya taarifa ya habari, kengele ya Angelus, mapigo 18. Zamani walionyesha picha takatifu, siku hizi wanaonyesha mtu anavua samaki au anasuka kikapu, ametulia, anatazama mbali. Bibi yangu huacha kuongea mpaka iishe. Ukitoka Pemba hutashangaa, ni kama adhana ya magharibi kwenye TV ya kwenu, ila hawa wana dakika moja tu.

Turudi. Moyo wa RTÉ ni kipindi kimoja kinaitwa The Late Late Show. Kimeanza Julai 1962 na hakijakatika. Ijumaa usiku, mtangazaji, wageni, bendi, zawadi kwa waliokuja ukumbini. Gay Byrne alikiendesha karibu miaka 37. Watu husema mambo mengi ambayo Ireland ya Kanisa haikuthubutu kuyasema mezani yalisemwa kwanza pale. Baada yake akaja Pat Kenny, 1999 hadi 2009, halafu Ryan Tubridy. Mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba hugeuka kuwa Toy Show, mtangazaji amevaa sweta la Krismasi, watoto wanajaribu midoli mbele ya nchi nzima. Siku ile barabarani hakuna mtu. Usimpigie simu Mwairishi saa tatu na nusu usiku wa Toy Show, hata kama kuna msiba.

Sasa tarehe 16 Machi 2023, kesho yake ni sikukuu ya Mtakatifu Patrick, Tubridy anatangaza kwamba anaachia kipindi. Bibi akashika kifua. Aliniambia, "Kijana mzuri yule, amechoka." Kipindi cha mwisho kilikuwa tarehe 26 Mei, maua, machozi, nchi imemuaga kama mtoto anayekwenda chuo. Alikuwa abaki na kipindi chake cha redio cha asubuhi. Nafasi ya TV wakampa Patrick Kielty, mchekeshaji kutoka County Down, upande wa Ireland Kaskazini. Baba yake aliuawa 1988 na wanamgambo, enzi za vurugu zile. Kumkabidhi mtu wa kaskazini kiti kile si jambo dogo huku.

Mpaka hapo mwaka umetulia.

Lumbesa77

Mkuu, hujagusia GAAGO. Mimi niko Galway, na huku moto uliwaka kabla ya hilo la Tubridy.

GAA ndio chama cha michezo yao ya asili, mpira wa Kigaeli na hurling. Hurling kama hujaiona, ni magongo, kijimpira kigumu, na watu wasiojua woga. Ni mchezo wa ridhaa, mchezaji halipwi mshahara. Jumatatu ni mwalimu au fundi bomba, Jumapili watu elfu themanini wanalitaja jina lake pale Croke Park. Miaka mingi mechi kubwa zilionekana bure. Sky wakanunua sehemu, watu wakanuna. Sky wakaondoka mwisho wa msimu wa 2022, watu wakashangilia, kumbe zile mechi zikahamia GAAGO, huduma ya intaneti ya kulipia. Mwenye GAAGO wakati ule? Nusu GAA yenyewe, nusu RTÉ.

Yaani shirika ninalolilipia €160 lilikuwa na duka jingine mlango wa nyuma, likiniuzia mechi €12, au €79 msimu mzima. Mei 2023 Cork walicheza na Tipperary, mechi ya kufa mtu, ikawa ya kulipia. Wazee wa vijijini ambao intaneti yao ni ya kusukuma walibaki na redio. Bungeni ikazungumzwa.

TezoNaOmo

Hiyo ni kama Simba na Yanga kwenye Azam. Tofauti ni kwamba Azam ni kampuni binafsi, imeweka pesa yake mezani, hujailipia leseni. Sasa TBC wangekuwa na nusu ya hisa za king'amuzi halafu wanauza dabi, hapo pangechimbika.

Lumbesa77

Umemaliza. Baadaye RTÉ walijitoa, 2025 GAA wakabaki nayo peke yao na kuibadilisha jina. Naishia hapa, sitaki kumpora mwenye uzi.

MzeeWaZamu

Hujanipora, umenisaidia, mimi hurling siielewi mpaka leo. Bibi ameshanifundisha mara tatu kuhesabu zile alama, nimekata tamaa.

Haya. Alhamisi tarehe 22 Juni 2023. RTÉ wenyewe wanatoa taarifa: tangu 2017 hadi 2022 tumemlipa Ryan Tubridy €345,000 zaidi ya tulizowatangazia. Mkurugenzi mkuu, Dee Forbes, alikuwa amesimamishwa siku moja kabla. Jumatatu ya tarehe 26 akajiuzulu, wakati zilibaki wiki mbili tu aondoke kwa utaratibu, na mrithi wake, Kevin Bakhurst, alishateuliwa.

Waligundua vipi? Hapa nampa heshima zake mkaguzi wa hesabu. Anapitia vitabu vya 2022, kazi ya kawaida, anakuta ankara mbili, kila moja €75,000, zimeandikwa ada ya ushauri. Ushauri gani? Hakuna anayejua. Akavuta uzi, sweta zima likafumuka.

Hapa ndipo lilipozaliwa neno ambalo mwaka ule kila Mwairishi alilijua, hadi dereva teksi: akaunti ya mali kwa mali. Nitawaeleza kwa mfano wa soko la samaki la Feri, Dar, maana hata mimi nilielewa nilipowaza samaki. Una kituo cha TV, una dakika za matangazo hazijapata mnunuzi. Dakika ya tangazo ni dagaa mbichi, isipouzwa leo kesho unaitupa. Anakuja dalali anazibeba dakika zako. Hakupi pesa. Anakuandikia salio kwenye daftari lake, na salio hilo unalitumia kununua vitu kupitia kwake: hoteli, tiketi, chakula cha wateja. Kila ukinunua anakata chake. Biashara halali, wenye vyombo vya habari wengi wanaifanya. Ubaya ni kwamba daftari liko kwa dalali, Uingereza, na pale ofisini Donnybrook wachache sana walikuwa wakilifungua.

Zile €75,000 zilianza hivi. Mkataba wa Tubridy wa 2020 ulikuwa na kipengele cha pembeni. Mdhamini wa kipindi, Renault, angemlipa €75,000 kwa mwaka ili atokee kwenye shughuli zao. Mwaka wa kwanza Renault wakalipa. Baada ya hapo hawakuendelea, lakini RTÉ walikuwa wamemhakikishia wakala wake kwamba pesa itapatikana kwa vyovyote. Kwa hiyo ya 2021 na ya 2022 ikachotwa kwenye daftari la dalali. Nyingine €120,000 ni za 2017 hadi 2019, na ripoti ya pili ya wakaguzi, ya Agosti, ilisema RTÉ ndio walioishusha takwimu kwa kutoa humo bonasi ambayo Tubridy mwenyewe hakuwahi kuidai.

Ndala zinakuja, tulieni.

Mchonga_Viazi

Samahani mkuu, sijaona sakata. €345,000 kwa miaka sita? Kwetu hiyo ni posho ya semina. Nilidhani tutasikia mabilioni. Wazungu wanapenda kujikuza hata kwenye ufisadi.

BintiPemba

@Mchonga_Viazi hata mimi nilitaka kuuliza hilo, ila naona haya. Na tena mtu kalipwa kazi aliyoifanya, kuna wizi gani?

MzeeWaZamu

Swali zuri, nami nilimuuliza bibi hivyo hivyo. Alinitazama kama nimemwaga maziwa.

Sikilizeni. RTÉ kila mara hutoa orodha ya watangazaji kumi wanaolipwa zaidi, ili mwenye kulipa leseni ajue pesa yake inakwenda wapi. Ya 2021 ilisema Tubridy amelipwa €440,000. Ukweli ulikuwa €515,000. Hakuna aliyewalazimisha kutaja tarakimu ile pungufu, walikaa wakaiandika.

Rudi nyuma hadi Novemba 2019. RTÉ wanasema hali ni mbaya, tunapunguza watu 200, na watangazaji wakubwa watakatwa 15%. Wafanyakazi wakakubali kufunga mikanda kwa sababu waliona mkubwa naye kafunga. Mpiga kamera wa mkataba wa miezi sita, ambaye hana likizo ya ugonjwa, aliambiwa hakuna pesa. Halafu 2023 anagundua kwamba kwa mmoja pesa ilitafutwa hadi Uingereza. Tarehe 27 Juni wafanyakazi walitoka nje, wakasimama na mabango ndani ya eneo lao wenyewe. Na jioni yake habari ya kwanza kwenye RTÉ ilikuwa RTÉ, wanaripoti aibu ya nyumba yao, mkono hautetemeki. Hapo niliwavulia kofia. Nilijaribu kufikiria kituo fulani cha kwetu kikifanya vile, nikaacha.

Bibi yeye hailipi hata senti, ana zaidi ya miaka 80, leseni yake ya bure. Na ndiye aliyekuwa na hasira kuliko mimi ninayelipa. Nikamwambia, bibi, wewe hawajakuibia kitu. Akajibu: "Nimewapa jioni zangu tangu sijaolewa."

TezoNaOmo

Duh. Bibi kaua.

KaruguruWaThika

Huyo bibi apewe kamati ya bunge.

MzeeWaZamu

Kamati ndio utamu wenyewe. Wana PAC kama sisi, Kamati ya Hesabu za Serikali, na wana kamati ya habari. Kuanzia mwisho wa Juni wakaanza kuwaita wakubwa wa RTÉ mmoja mmoja, matangazo ya moja kwa moja. Bibi aliacha tamthilia yake. Nilikuwa nampikia viazi kwa mkono mmoja, mwingine nashika rimoti.

Wabunge wakaomba orodha ya vitu vilivyonunuliwa kwa ile akaunti ya dalali. Wakaletewa. Safari ya Japan kwenye Kombe la Dunia la raga 2019, kuwaburudisha wateja wa matangazo. Tiketi za hiki na kile. Katikati ya orodha: jozi 200 za ndala, kwa ajili ya sherehe ya kiangazi, €4,956.

Nilipiga hesabu pale pale nyuma ya bahasha ya umeme. Ni €24.78 kwa jozi. Kwa pesa ya madafu zaidi ya elfu sitini. NDALA.

KaruguruWaThika

Ngoja, ndala ni nini? Patapata?

TezoNaOmo

@KaruguruWaThika kandambili mkuu. Ile ya kuendea bafuni.

KaruguruWaThika

PATAPATA ZA ZAIDI YA SHILINGI ELFU TATU ZA KENYA? Na hata hazikuwa za ngozi?

BintiPemba

Kwetu malapa. Kwa bei hiyo ningetarajia yanatembea yenyewe.

Lumbesa77

Mnacheka, lakini nakuhakikishieni ndala ndizo zilizoimaliza RTÉ. Kazini kwangu hakuna aliyeweza kukueleza kipengele cha mdhamini, wala bonasi ya 2017. Ndala kila mtu alizielewa. Kila mtu ameshanunua ndala, anajua bei yake.

MzeeWaZamu

Umepiga msumari kichwani. Nyongeza: Desemba 2022 walikuwa wametengeneza mchezo wa kuigiza na nyimbo kutokana na ile Toy Show, jukwaani, viingilio. Hasara €2.2 milioni. Kihesabu hiyo inazimeza ndala mara mia nne na zaidi. Ilizungumzwa, lakini mtaani watu walirudi kwenye ndala.

Tarehe 10 Julai Bakhurst akaanza kazi, na siku hiyo hiyo akaipumzisha timu ya wakurugenzi na kuweka ya muda. Kesho yake, tarehe 11, Tubridy na wakala wake Noel Kelly wakakaa mbele ya kamati zote mbili, asubuhi moja, mchana nyingine. Tubridy alikuja na hoja yake kwamba kuna mambo saba yasiyo ya kweli yaliyosemwa juu yake, akayataja. Alisema hakuwa na habari ya namna takwimu zilivyopangwa. Bibi alisikiliza hadi mwisho, hakula. Nilipomuuliza anaonaje, akasema anaonekana hajalala, nikamwona amemhurumia. Dakika mbili baadaye akasema, "Lakini pesa aliipokea." Alikwenda hivyo wiki nzima, huruma asubuhi, hasira jioni.

Walikuwa wakizungumza ili arudi redioni kwa kiasi cha €170,000 kwa mwaka. Tarehe 17 Agosti Bakhurst akasema basi, harudi, imani imevunjika. Januari 2024 akaanza kazi kwenye redio moja ya London.

Huku nyuma ndipo likatokea lile ambalo mdau wa uzi wa TBC alisema haliwezekani. Watu waligoma. Hapakuwa na maandamano wala kiongozi. Barua ya leseni ikija wanaiweka chini ya sumaku kwenye friji na kuiacha hapo. Kufikia mwisho wa mwaka RTÉ ilikuwa imekosa zaidi ya €20 milioni za leseni. Kumbuka, thamani ya lile sakata lenyewe ilikuwa €345,000. Mchonga_Viazi, hapo ndipo posho ya semina inapokuwa bilioni.

Mchonga_Viazi

Nimekuelewa mkuu, nanyanyua mikono. Ila nina swali la uchokozi: na wewe ulilipa?

MzeeWaZamu

Nilijua litakuja. Yangu iliisha Oktoba 2023. Barua ya kwanza niliiweka juu ya kabati. Ya pili ikaja na wino mwekundu. Mimi ni mgeni kwenye nchi za watu, mambo ya kuitwa mahakamani kwa ajili ya TV ya inchi 32 siyawezi. Januari nikaenda posta, nikapanga foleni, nikalipa. Dada wa dirishani alisema nilikuwa wa kwanza siku ile kulipia leseni, na ilikuwa saa nane mchana. Sijui alikuwa anatania.

Novemba Bakhurst alitoa mpango wake: watu 400 wapungue hadi 2028, yaani karibu mmoja katika kila watano, na hakuna mtangazaji atakayelipwa zaidi ya mkurugenzi mkuu, ambaye alikuwa akilipwa €250,000. Serikali ikamwaga fedha za dharura. Julai 2024 ikaamua €725 milioni kwa miaka mitatu, leseni ikiwa imo humo humo na kubaki €160. Miaka walikuwa wakibishana kama leseni ifutwe, ikusanywe na mamlaka ya kodi, au iwe ada ya kila nyumba. Wakaishia palepale, ila sasa RTÉ inategemea zaidi mfuko wa waziri. Binafsi sijapenda. Leseni ni kero, nakubali, lakini mtu aliyekulipa €160 anaweza kukunyima. Waziri akikunyima, sababu yake huenda ni taarifa ya habari ya jana.

TezoNaOmo

Hapo umegusa donda. Sisi hatuna leseni, TBC inakula ruzuku na matangazo, na hakuna mwananchi anayejiona mwenye mali. Ukimwambia mtu TBC ni yako anakucheka. Hao wamegoma kwa sababu waliona ni yao.

Mchonga_Viazi

Au waligoma kwa sababu walipata kisingizio cha kuokoa €160. Tusiwavishe joho. Mimi nikipewa kisingizio kama hicho DStv wasingeniona.

Lumbesa77

Yote mawili yapo. Huku Galway nawajua watu ambao hawakulipa hata kabla ya 2023, na baada ya hapo wakawa mashujaa.

Niongeze moja, kwa kuwa mwaka ule wote wanauona kwa jicho la Dublin. Huku magharibi kuna TG4, televisheni ya Kiairishi, makao yake Baile na hAbhann, kijijini kabisa, bahari mbele, mawe nyuma. Ilianza usiku wa Oktoba 31, 1996, na wengi Dublin walisema ni kutupa pesa, lugha imeshakufa. Mwaka huohuo wa ndala, mwanzoni kabisa, filamu ya Kiairishi iliyotoka kwenye mpango ambao TG4 inauchangia iliingia kwenye orodha ya Oscar ya filamu za kimataifa, mara ya kwanza kwa lugha hiyo. Septemba wakafungua chaneli ya watoto, Cúla4, asubuhi hadi jioni kwa Kiairishi. Hakuna aliyeuliza bei ya viatu vyao. Wanangu wawili, mama yao Mwarusha, baba Mnyakyusa, wanaitazama na kunisengenya mbele yangu kwa lugha nisiyoijua. Mimi nawajibu kwa Kinyakyusa. Tumetoshana.

BintiPemba

Lumbesa hilo la watoto lifungulie uzi wake, naomba. Watoto wangu Muscat wananijibu Kiarabu, Kiswahili wanakisikia tu.

KaruguruWaThika

Na huyu Kielty? Mliacha hadithi yake hewani.

MzeeWaZamu

Kweli. Alianza Ijumaa tarehe 15 Septemba 2023. Safari hii RTÉ walitangaza mshahara wake mapema, kabla hajaulizwa: €250,000 kwa msimu wa vipindi 30. Hebu fikiria unaingia kazini na nchi nzima inajua kila kipindi unapata zaidi ya €8,000.

Mimi na bibi tulikaa. Nilimtengenezea chai, nikamwekea biskuti mbili, akavaa ile kardigani yake ya Ijumaa. Muziki wa kipindi ukalia. Kielty akatoka, akatania kuhusu sakata mapema kabisa, ukumbi ukacheka kama watu waliotua mzigo. Bibi hakucheka. Alimtazama kwa makini, kichwa amekiinamisha kidogo, jinsi anavyomtazama daktari mpya. Mwisho akasema sauti yake ni ya kaskazini mno lakini ana macho ya mtu aliyelelewa vizuri.

Mwezi Novemba Toy Show ikapita salama, sweta na yote, nchi ikakaa ndani kama kawaida yake.

TezoNaOmo

Na leo hii bibi bado anaangalia?

MzeeWaZamu

Kila Ijumaa. Anasinzia kabla ya mgeni wa pili. Nikipunguza sauti anashtuka, anamwangalia mtu yeyote aliye kwenye skrini, awe mwanamuziki, awe mkulima, awe waziri, halafu ananiuliza: "Na huyu, wanamlipa ngapi?"

Kengele yake inalia, kaamka. Nitajibu maswali kesho.